Jina Langu Kizuizini

Kwa miezi kumi na mmoja nilizuiliwa katika kambi ya jeshi, kwenye nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Ndivyo makaratasi yanavyosema, na makaratasi hayana aibu. Mimi mwenyewe nilikuwa Kawangware nikipigilia vitambaa kwenye makochi ya watu, na jioni natembea kurudi mtaani kwetu Lindi kwa mke wangu na mtoto. Aliyezuiliwa ni mdogo wangu. Pasipoti ndiyo ilikuwa yangu.

Mambo yalianza hivi. Ofisi moja mjini ilikuwa inatafuta walinzi wa kwenda kulinda maghala ng'ambo. Nikaenda kuhojiwa, nikapita, nikapewa tarehe ya kusafiri. Halafu mke wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, akapandwa na presha, nami nikasema siendi tena. Watu nikawaambia ni presha. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mdogo wangu hakuwa na la kuogopa. Alikuwa anabeba mawe kwenye mjengo upande wa Highrise, analala kwangu, pazia katikati ya chumba. Kesi ya pombe haramu, chang'aa, ilikuwa imemharibia cheti cha tabia njema, kwa hivyo hakuna ofisi ingemchukua kwa jina lake. Sura zetu lakini ni moja. Shuleni walimu walikuwa wakimchapa kwa makosa yangu. Akaniambia, "Si unipe hiyo pasi niende, brathe? Inakaa hapo bure." Nikampa. Uwanja wa ndege afisa aliangalia picha, akamwangalia yeye, akagonga muhuri.

Alilinda ghala miezi mitatu. Kisha siku moja wanajeshi wa nchi ile waliingia, wakakusanya wageni wote, wakasema hawa ni wapiganaji wa kukodiwa. Hawakuwapeleka kwa polisi wala mahakamani. Waliwapeleka kambini, na simu zao zikazimika.

Aliyenipigia kunijulisha ni mama mmoja anayeuza mboga mtaa wa Silanga, ambaye mumewe alikuwa kazi moja na mdogo wangu. Tulienda pamoja kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia Wakenya waliokwama nje. Orodha ilikuwa na Wakenya kumi na mmoja. Wa nne nilikuwa mimi. Kujisoma hivyo kunashtua kidogo, halafu unazoea.

Afisa wa pale, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake, madam," nikasema, nikajiandikisha kwa jina la mdogo wangu. Kusafiri kwa pasipoti ya mwenzako ni kosa, na kumpa pia ni kosa. Nilijiambia jina ni jina tu, muhimu ni mtu arudi.

Kumi walirudi kabla ya Krismasi. Kule Silanga yule mama alichinja kuku, akaniita, nikala kuku wa watu na moyo umejaa wivu. Mwezi wa kwanza madam akaniita ofisini, akageuza kompyuta nione sababu ya wetu kubaki. Ilikuwa picha yangu.

Siku ya picha ile naikumbuka. Kawangware kulikuwa na mpiga picha mwenye kibanda cha mabati na nguo za kukodisha: suti, joho la kuhitimu, na ndani ya gunia chini ya meza, jaketi la jeshi. Lilifichwa kwa sababu raia akivaa nguo hiyo hapa kwetu anashikwa. Alikuwa pia na bunduki ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Vijana wa rika langu wengi tulipiga picha hiyo. Mimi sikutosheka, niliiweka mtandaoni kwa jina langu kamili, nikaandika chini yake "Kamanda". Ujinga mtupu. Jeshi la nchi ile lilitafuta jina lililo kwenye pasipoti, likampata Kamanda.

"Huyu si kaka yako?" madam akauliza.

Mkono ulioshika bunduki kwenye picha una vidole vinne. Kidole cha mwisho kilienda na msumeno nikijifunza kazi. Mdogo wangu ana vidole vyote kumi. Kilichotakiwa ni mimi nitoe mkono mfukoni, niuweke mezani, niseme Kamanda ni mimi na waliye naye kule ni mtu mwingine.

"Ndiye," nikasema, na mkono ukabaki mfukoni.

Nilikaa kimya miezi mitano. Sitaki kuipamba. Kila wiki mbili nilienda ofisi ile, nikakaa kwenye benchi, nikaambiwa bado. Mama yetu alikuwa akipiga simu kutoka kijijini Jumapili baada ya kanisa. "Unaenda huko kumuulizia?" "Naenda, Mama." Hapo hata sikudanganya. Mke wangu alijua habari ya pasipoti, ya picha sikumwambia. Nilikuwa na sababu zangu: mtoto mchanga, presha ya mke, nikifungwa nani atawalisha. Zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana nilizishikilia sana. Hasira nilimpelekea mpiga picha. Nilienda kibandani kwake nikamtukana mpaka watu wakajaa, naye akaniuliza, "Kwani mimi ndiye nilikuambia uiweke mtandaoni?" Nikarudi kwa makochi yangu.

Barua ilifika mwezi wa sita, kupitia kwa watu wanaotembelea wafungwa. Karatasi moja, mistari mingine imefutwa kwa wino mweusi. Iliyobaki ilisomeka hivi: "Mdogo wangu, mimi kaka yako niko mzima. Nimewaeleza picha ni ya studio, hawaamini. Nichungie mke wangu na mtoto. Msalimie Mama." Chini ameweka jina langu.

Alikuwa bado ananificha. Kule alikokuwa, na yale aliyokuwa akifanyiwa, alikumbuka kujifanya mimi hadi kwenye salamu, akaniomba nimchungie mke ambaye ni wangu. Angeniandikia matusi ningevumilia. Niliisoma mara moja, pale karakana, nikalia mbele ya mteja aliyekuja kuchagua rangi ya kitambaa. Niliona aibu, na sikuweza kunyamaza.

Kesho yake nilienda kwa madam na kitambulisho changu halisi, nikauweka mkono mezani. Aliangalia vidole, akaangalia picha, akarudi kwa vidole.

"Umekaa kwa hiyo benchi mara ngapi?" akaniuliza.

Akachukua kalamu akaandika kila kitu, kisha akaniitia polisi. Nililala ndani siku mbili. Sasa naripoti kituoni kila Jumatatu na kesi haijaisha. Picha ya mkono wangu ilitumwa kule, na baada ya wiki tatu mdogo wangu akapandishwa ndege.

Alitoka na ndara za plastiki na mfuko mmoja, amekonda. Walimhoji hapo uwanjani siku nzima, wakamwachilia. Mama alikuwa ameshafika Lindi, akampikia ugali na mrenda, akawa anamwangalia akila.

Siku ya pili, mchana, tulikaa wawili nje ya mlango. Alikuwa anasimulia polepole, bila kupandisha sauti. Walivyolala, walivyokula, nani alikuwa mkali na nani alikuwa na utu. Akagusa sikio la kushoto. "Hili lilikufa mwezi wa nne," akasema. "Kofi moja tu. Aliyenipiga alikuwa anauliza habari ya hiyo picha."

Kisha akauliza, "Wewe walikuonyesha lini?"

Ningesema mwezi wa sita. Hakuna ambaye angenipinga. Madam hangetoka ofisini kwake kuja Lindi kunisuta. Nilimwangalia kwa pembeni, nikamhesabia miezi kichwani, nikajua naye ataihesabu.

"Mwezi wa kwanza," nikasema.

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Akageuza kichwa, akaniletea sikio zima.

"Sema tena, brathe."

Nikasema tena.