Injekta Iliyokataa Kukaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hapa Eldoret, nikiwa fundi mpya, miaka ile wazungu wanauza mashamba na watu wetu wanajiunga kununua pamoja. Mdomo yangu ilikuwa na mbio kuliko spana. Gereji nzima ilicheka nikiongea, na mimi nikadhani hiyo ndiyo kazi.

Nilikuwa namalizia gari ya Mzee Njoroge, mwenye duka. Menifodi yake, ile ya kupeleka hewa kwa injini, ilipasuka, nikamfungia ingine tuliyotoa kwa gari kuukuu. Injekta tatu, zile za kurushia injini petroli, zikakaa sawa. Ya nne ikakataa. Ikasimama juu kidogo, imeinama kama mlevi kwa mlango ya kanisa.

Fundi mkubwa wetu, Mzee Wafula, akaiangalia. "Inazunguka kwa kidole?"

"Mzee, hii ni injekta, si sahani ya santuri."

Hakucheka. "Itoe, umulike shimo na tochi. Mpira ya zamani, ile ya kuziba petroli, imebaki huko chini. Injekta inakaa yenyewe, bolti ni ya kuishikilia tu." Akaenda kwa lori yake.

Njoroge na mkewe, Mama Wanjiku, walikuwa wanaangalia jua. Siku hiyo wanachama wa kikundi yao walikuwa wanaokota kura za ploti huko Ziwa, kwa shamba waliyonunua pamoja, na asiyefika anaachiwa matope.

"Kijana, tutachelewa," Njoroge akasema.

Nikavuta bolti mpaka injekta ikalala. Ililala kwa nguvu, mwanangu, si kwa hiari. Nikawasha, injini ikanguruma vizuri.

Mama akanusa. "Mbona petroli inanuka hivi?"

"Mama, gari imejipaka marashi. Inaenda kuona shamba."

Wakacheka wote wawili, wakaenda.

Wakiwa njiani, kupita Kimumu, mpira niliyobana ikakatika, petroli ikamwagikia ekzosi yenye joto, gari ikashika moto. Mama aliruka. Mzee pia alikuwa ametoka, lakini akarudi ndani kuchukua karatasi za uanachama, maana bila hizo hakuna kura. Alizirusha kwa dirisha. Karatasi zilipona. Yeye alikufa hospitali siku ya tatu.

Wanachama walimwokotea ploti nzuri, juu, mbali na matope. Shimo ya kwanza kuchimbwa pale haikuwa ya nguzo wala ya choo. Nilikuwa kati ya wachimbaji. Mzee Wafula akanipatia jembe, akaniuliza polepole, "Leo hauna neno?"

Nikashika jembe, nikachimba.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu iko, mwanangu, yote miwili. Aliyevunjika ni mwingine, na hiyo ndiyo methali haikuniambia.

Kwa hivyo sikia. Kitu ikikataa kukaa, usiikaze. Itoe, uangalie nini imebaki chini yake. Na mtu akikuambia ananusa kitu, nusa na wewe kwanza, utacheka baadaye.

Mungu akupe kidole yenye subira na mdomo mzito. Na kila mtu anayetoka mikononi mwako asubuhi, jioni alale kwake.