Akina Mama wa Alhamisi

Majani ya mgomba yakipata moto hutoa harufu nzito, tamu kidogo, yenye ubichi wa shamba. Wengine wakiinusa husikia njaa. Mimi hukumbuka baraza ya nyumba yetu Bugembe, karibu na Jinja, mwaka ule alipofariki dada yangu Zaituni.

Homa ilimpanda ghafla, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumemzika Budondo, kwa jaja yetu, mama yake baba. Nilikuwa na miaka minane. Tulilala kitanda kimoja, naye alikuwa na tabia ya kunipokonya blanketi lote, kisha asubuhi anaapa kwamba mimi ndiye niliyelitupa. Baada ya mazishi blanketi likawa langu peke yangu. Sikulitaka.

Baba alirudi dukani Jinja, akajificha katika kazi. Mama alibaki chumbani, dirisha limefungwa. Yeye aliyekuwa akitugombeza tukichelewa kutia udhu, sasa adhana ilikuwa inalia naye anatazama ukuta tu.

Zamani kila Alhamisi baada ya alasiri alikwenda kwenye darasa la akina mama msikitini. Walikuwa Wasoga, Wagisu, Wanubi, basi walisemezana Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Jaja hakukipenda Kiswahili. Kwake kilikuwa lugha ya askari waliogonga milango. "Hata mtu akiniambia pole," alisema, "naona kama anataka kunikamata."

Mama alipoacha kwenda darasani, darasa likamfuata. Wakatandika mikeka barazani. Mama akafungua mlango nusu.

"Rudini. Mungu wenu amechukua mtoto wangu. Mimi sina la kusoma."

Nikatazama paa nikidhani litatuangukia. Mama Hadija, mwanamke mnene kutoka Mbale aliyeuza nyanya kando ya barabara kuu, wala hakuinua macho.

"Mama Zaituni, sisi hatukuja kumtetea Mungu. Tumekuja kumenya matoke."

Wakamenya kweli. Wakazifunga ndizi kwenye majani, wakabandika sufuria, wakasoma Yasini kwa sauti ya chini, wakaenda zao. Alhamisi iliyofuata wakarudi, mlango haukufunguka. Wakarudi tena. Mara nyingine walicheka, maana Mama Hadija hakuweza kusimulia habari za wateja wake bila kuwaigiza. Niliwachukia kwa kicheko kile. Nilikaa mbali, nimewapa mgongo.

Siku moja Mama Hadija akaniita. "Wewe, kuna mtu amekuuliza?"

"Kuniuliza nini?"

"Habari ya dada yako. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wote waliniambia nimtunze mama, nisilie mbele yake. Nikafungua kinywa nijibu, kikatoka kilio ambacho sikujua kama ninacho. Mlango ukafunguka. Mama akatoka peku, kichwa wazi, akapita katikati ya wanawake, akanikumbatia.

"Alikuwa mwizi wa blanketi," nikasema.

Mama akacheka, na machozi yakimtiririka. "Hata mimi aliniibia, alipokuwa mdogo."

Hakupona siku ile. Alianza kukaa ukingoni mwa mkeka bila kusoma. Sala ilirudi polepole, mwaka baada ya mwaka, na mpaka leo kuna siku hataki kusemeshwa.

Mwaka jana Mama Hadija alifariki, tukampeleka kwao Mbale. Karibu na kaburi alilochimbiwa, nyuma ya nyumba, kulikuwa na makaburi mawili mafupi ambayo saruji yake ilikwisha kuota kuvu. Nikamuuliza dada yake ni ya nani.

"Watoto wake," akasema. "Ndugu wakubwa wa Hadija. Ninyi hakuwaambia?"

Utotoni nilidhani Mama Hadija aliweza kukaa na msiba wetu kwa sababu yeye hakuwa na msiba wake mwenyewe. Nilidhani watu wanaocheka ni wale ambao mauti hayajapita kwao. Kumbe alikuwa amenyamaza ili msiba wake usichukue nafasi ya wetu.

Njiani kurudi, mama alikaa dirishani. Tulipokaribia Iganga ndipo aliposema, kama anayejisemea mwenyewe:

"Miaka yote ile alikuja kukaa nami. Na mimi sikumuuliza."