Ua Wangu Katika Njia ya Mfalme

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona naruka huku na kule mnivumilie. Nataka kusema habari ya ua wangu wa michongoma hapa Nabuyonga. Niliupanda mwenyewe, na kila ulipozeeka niliupanda upya, mbele kidogo. Hatua moja, tena hatua moja. Njia ya watu ikakonda, migomba yangu ikanenepa. Ndiyo, niliiba njia. Sasa nimesema.

Jirani wa ng'ambo ni hajji, anauza mchele, na kila siku mkokoteni wake ulikuwa unachanwa magunia na miiba yangu.

"Mzee, ua wako una miguu," alikuwa akiniambia.

"Hajji, mimea hukua. Mwulize Mungu."

"Mungu usimtie katika kesi yako!"

Basi, mwaka jana bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliteleza akaanguka pale kisimani, nyonga ikavunjika. Tangu hapo hajafika kanisani. Halafu tukasikia: Jumapili ya Kristo Mfalme, maandamano ya Ekaristi yatapita kwetu, mlangoni kabisa! Bibi akatoa gomesi, gauni lake refu la sikukuu, akainyoosha kwa mikono.

"Mimi nimeshindwa kumfuata," akasema, "naye anakuja mwenyewe."

Jumamosi asubuhi katekista akaja na mti mrefu, kipimo cha ule mwavuli wa kitambaa ambao wanaume wanne hubeba juu ya padre na Sakramenti. Akaulaza njiani. Ncha ikaingia katika miiba. Akageuza, akajaribu tena.

"Haupiti, mzee. Tutazungukia barabara ya juu."

Bibi alikuwa kitini pale mlangoni. Akaanza kuikunja gomesi.

Hapa niseme kidogo habari ya Jinja. Ujanani nilikata nyasi katika kambi ya jeshi kule, na Kiswahili hiki nilikipata huko huko, kwa matusi. Mkubwa akipita, maafande walitusukuma mtaroni, tumpigie makofi tukiwa ndani ya matope. Nikajua mfalme ndivyo alivyo: akija, mdogo atoke njiani. Kanisani nikaimba Kristo Mfalme kwa sauti kuliko wote, nikidhani huyu yuko juu kule, hana habari na michongoma. Kumbe anakuja na kipimo! Na aliyekuwa anasukuma watu mtaroni ni mimi!

"Katekista, ngoja!" Nikaingia ndani, nikatoka na panga. "Ua huu nautoa. Njia si yangu."

Watu wanasikia, wamama wanaotoka sokoni wamesimama. Moyo unanidunda kama ngoma za tohara. Nikakata shina la kwanza, la pili, miiba inanichoma, nami nacheka peke yangu! Bibi akapiga vigelegele kitini mpaka kuku wakatawanyika.

Hajji akatoka na panga lake. "Mzee, nani amekuweza leo? Mimi umenishinda miaka na miaka."

"Mfalme anapita, Hajji."

"Basi hata mkokoteni wangu umepata mfalme!"

Tukakata pamoja hadi adhana ya adhuhuri. Akaenda kuswali, akarudi, tukamaliza.

Jumapili mwavuli ukaja, wanaume wanne, ukapita na nafasi ikabaki. Padre akasimama mbele ya mlango wetu, Sakramenti mkononi. Bibi, ndani ya gomesi yake, akainama mpaka nikaogopa ataanguka. Mimi nilipiga magoti pale pale ua ulipokuwa. Vijiti vya miiba vilivyobaki vikanitoboa. Sikuhama.

Jumatatu bibi akaniuliza, "Utapanda tena?"

"Nitapanda. Lakini mahali pake."

Nikatafuta kamba, nikamwita hajji ashike ncha ya pili. Nikasimama nilipodhani ndipo mpaka wa zamani.

"Hapa?"

Hajji akaitazama kamba, akanitazama mimi. "Rudi nyuma kidogo, mzee."

Nikarudi.

"Kidogo tena."

Nikarudi tena, mpaka mgomba wangu mmoja ukabaki upande wa njia, na mkungu wake juu.