Bambo na Ufunguo wa Ghala

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu ambayo bado inanitia aibu, ingawa leo, mwanangu, natembea hapa Ifakara kichwa juu.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Baba alikuwa mgonjwa, na ufunguo wa ghala letu la mpunga pale Kibaoni alinikabidhi mimi. Akaja dalali mwenye maneno matamu, akasema ana mnunuzi anayetaka kuuona mpunga wetu. Taratibu zetu unazijua: gunia huchomwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zikamwagika kiganjani, mnunuzi akazitazama na kuzitafuna, akajua anachonunua. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. Nikampa dalali ufunguo akaangalie mwenyewe.

Niliporudi, magunia ya kuuza yalikuwepo. Ya mbegu hayakuwepo, wala dalali hakuonekana tena. Msimu ule tulipanda mbegu ya kuomba kwa ndugu, na baba akaacha kunitazama usoni.

Shangazi Skolastika, dada yake baba, hakunipiga. Aliniwekea bambo mkononi.

"Mtu kataka kuona mpunga, wewe ukampa ghala zima," alisema. "Siku nyingine mwonyeshe alichoomba, usimame hapo hapo, akimaliza ufunge mlango."

Mwaka huu nilitaka mkopo wa kununua mashine ya pili ya kukoboa mpunga. Ya kwanza imechakaa; nisingeupata, wanawake wanaonifanyia kazi wangekosa kibarua. Kijana wa kampuni ya mikopo akanifuata mashineni.

"Shikamoo bibi. Nipe namba yako ya siri ya benki, niangalie mzunguko wa akaunti. Dakika mbili tu."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo huipati."

Nikaenda benki kuuliza. Binti wa dirishani akanieleza kwamba siku hizi benki inaweza kuionyesha kampuni nyingine taarifa za akaunti yangu, mradi niruhusu mwenyewe kwenye simu, na namba ya siri ibaki kwangu. Nikacheka hadi akashangaa. Miaka yote ile, kumbe benki nao wamepata bambo lao!

Kampuni ya yule kijana ikatuma ombi kwenye simu yangu; nikavaa miwani, nikalisoma mstari kwa mstari. Walitaka kuona mapato na matumizi ya miezi sita; nikakubali. Walitaka pia ruhusa ya kutoa fedha, nikakataa. Kisha nikaionyesha kampuni ya pili taarifa zile zile, nao wakanipa riba nafuu zaidi. Mkopo wao ulipotoka, nikazifuta ruhusa zote. Mashine inanguruma sasa, na laiti baba angeisikia.

Basi mwanangu, taarifa za akaunti yako ni mali yako, zitumie zikufae. Anayeziomba muulize anataka kuona nini, kwa kazi gani, na mpaka lini. Asiyejibu, mwache aende. Kazi ikiisha, ondoa ruhusa. Namba ya siri usimpe mtu, hata akikuamkia vizuri namna gani.

Mungu aujaze mpunga ghalani mwako, akupe macho ya kusoma kabla ya kukubali, na kila jioni ufunguo aukute kiunoni mwako.