Mkanda wa Fundi Lipu

Mama Brashi alikuwa fundi rangi hodari, lakini Kiingereza kilimpiga chenga tangu utotoni. Kazini kwao alipoletwa msimamizi mgeni, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, binti yake Mama Brashi akajitwika kumfundisha mama yake neno mojamoja asubuhi wakinywa chai.

"Leo ni 'catch', mama. Kukamata. Polisi anamkamata mwizi."

"Ehe."

"Na mafua nayo unayakamata. Hata basi, ukiliwahi, umelikamata."

"Basi nalo limeiba nini?"

Wakacheka hadi chai ikawapalia.

Mchana huo alikuwa ghorofa ya tatu, amechutama anakoroga rangi karibu na roshani ambayo haijatiwa vyuma. Ghafla msimamizi akapiga ukelele nyuma yake:

"Catch him!"

Kuinua macho, anamwona fundi lipu, mtani wake wa siku zote, anampita kinyumenyume kwa kasi. Mwizi! Kumbe na huyu naye! Mama Brashi akarusha mikono, akaung'ang'ania mkanda wa suruali ya fundi.

"Unakimbilia wapi, mwizi mkubwa wewe!"

Mara uzito ukamvuta. Magoti yakaburuzika sakafuni. Ndipo alipoona visigino vya yule bwana vinakanyaga hewa, na chini kabisa, lundo la matofali yaliyovunjika. Fundi lipu alikuwa ameteleza kwenye bomba lililolala sakafuni, wala hakuwa akimkimbia mtu.

Msimamizi akaja mbio, akamkumbatia Mama Brashi kiunoni, akavuta. Wote watatu wakaangukia ndani.

Vidole vya Mama Brashi vilikataa kuuachia mkanda. Ikabidi wavibandue kimoja kimoja.

"Dada," fundi lipu akasema, "umeniokoa."

"Mimi nilidhani umeiba."

Fundi lipu akamkodolea macho kama aliyepigwa kofi. "Kwa hiyo usingedhani hivyo..."

Mama Brashi akageuka, akatapika kando ya ndoo.

Kazi ilisimama mpaka roshani zote zikatiwa vyuma. Jumapili fundi lipu alimleta mkewe nyumbani kwa Mama Brashi kushukuru. Habari ya wizi hakuwa amemweleza. Mke yule alipiga magoti mlangoni, akaishika mikono ya Mama Brashi, akailowesha kwa machozi.

"Mungu akupe nini, dada yangu, uliyemwona mume wangu anaanguka!"

Mama Brashi akafungua mdomo. Fundi lipu akamtazama, akatikisa kichwa polepole.

"Karibuni ndani," Mama Brashi akasema.