Mlinzi wa Usingizi wa Nyuki

Kwamba nyuki hulala, yeye hakusimuliwa. Alikuwa mtafiti, na kwa miaka kadhaa alikaa nao katika chumba chenye taa nyekundu, mwanga wasiouona, mzinga wao ukiwa nyuma ya kioo. Aliwaona wakilegea miguu, vipapasio vikiinama taratibu kama kichwa cha mtoto anayesinzia kwenye mkeka. Humo chumbani watu walinong'ona tu. Mwishowe akawa ananong'ona hadi sokoni, na mumewe akamtania kwamba ameoa upepo.

Sasa alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Akinyonyesha, macho yalimwelea, pazia likavuta pumzi, nyumba nzima ikavuma polepole kama mzinga. Katika mawingu hayo ya usingizi jambo moja tu lilibaki wazi: mkutano wa wanasayansi, ambako angesimama kuwaeleza wenzake alichokiona.

Siku moja mkuu wa idara yake alikuja kumwona mtoto. Alikunywa chai, akaisifu pua ya mtoto, kisha akakohoa.

"Daktari, kuhusu mkutano, usijisumbue. Yule kijana wetu atasoma kwa niaba yako. Wewe lea kwanza. Na tusifichane, sauti yako haivuki hata hii meza." Akamgeukia mama mkwe wa mtafiti, aliyekuwa ameketi kando. "Nadhani Mama ananiunga mkono."

Mtafiti alitazama sakafu. Juzi tu mama mkwe, mwalimu mstaafu asiyependa nyumba yake isemwe, alikuwa amenung'unika kwamba mzazi hafungi safari na kitoto kichanga, watu watasemaje.

"Ukumbini hakuna kipaza sauti?" mama mkwe akauliza.

"Kipo, Mama, ila..."

"Na huyo kijana, amewaangalia hao nyuki tangu lini?"

"Amejiunga nasi mwaka huu. Lakini ni hodari sana."

"Hodari wa kusoma cha mwenzake! Baba, mimi nilisema mtoto asitembezwe ovyo. Sikusema kazi ya mkwe wangu itembezwe na mtu baki. Lakini mwenyewe si huyo hapo? Muulize."

Wote wakamwangalia. Usingizi ulikuwa unamvuta, mtamu, wa asali. Angeitikia kwa kichwa tu na mambo yangekwisha.

"Nitasoma mwenyewe," akanong'ona.

"Unasemaje?" Mkuu aliinama, mkono sikioni.

"Nimesema nitasoma mwenyewe!"

Sauti iligonga ukuta ikarudi. Mkuu alimwaga chai kwenye sahani. Mtoto akashtuka, akaangua kilio cha kuita majirani, na mama yake, uso ukimwaka, akainuka ampeleke chumbani.

Mama mkwe alikwisha kumpokonya.

"Huyu niachie, na huko mkutanoni nitambeba mimi. Wewe kaa hapo mpange safari. Tena usishushe sauti, mwanangu. Mgeni anasikia vizuri sasa."

Akakaa. Mkuu akatafuta kalamu.