Biblia Iliyowekwa Amana Mji wa Kale

Kitu cha kwanza nilipewa na mpishi wa meli. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtu mzima aliyeota mvi, na kila meli yake ilipofunga gati Kilindini alikuja kusali kanisani kwetu, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa. Mimi nilikuwa msichana kutoka milima ya Taita, mpiga taipu katika ofisi ya mizigo kule Shimanzi. Kwa kuwa Kiingereza nilikijua vizuri, mchungaji alinipa kazi ya kukaa karibu na mgeni huyo nimfasirie mahubiri.

Jumapili moja, mwaka uliofuata uhuru, alitoa mfukoni Agano Jipya dogo, la kutosha kiganjani, jalada lake la ngozi limeliwa pembe zote.

"Babu yangu alizaliwa mtumwa," aliniambia. "Vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha akawa huru, na akajifunza kusoma kwa kitabu hiki, akiwa tayari mtu mwenye watoto. Mimi sina mtoto wa kumwachia. Chukua wewe."

Nilikifungua pale pale kwenye ngazi za kanisa. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza wa Injili ya Yohana paliandikwa kwa penseli herufi A, kisha A nyingine, kisha nyingine, kubwa na zilizopinda, mpaka chini kabisa, ambako ya mwisho ilisimama wima, imenyooka. Mtu alikuwa ameketi na karatasi hii, mkono wake umezoea jembe tu, akajifundisha.

Tangu siku hiyo nikapata ugonjwa, sina jina jingine la kuuita. Kila safari mpishi aliniletea kitu alichoomba kwa vikongwe wa kanisa lake: kadi za picha walizotuzwa watoto wa shule ya Jumapili, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, cheti cha ubatizo chenye malaika waliofifia rangi. Nilivihifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda, na kila jioni nikitoka kazini nilivitoa nikavipanga juu ya shuka. Wenzangu wa chumbani walinicheka. "Wenzio wanunua kanga," walisema, "wewe wakusanya karatasi za marehemu."

Ofisini kwetu palikuwa na karani kijana, mzaliwa wa Mji wa Kale. Siku moja saa ya chai aliniona nikifuta vumbi kwenye kile kitabu cha nyimbo kwa kipande cha pamba.

"Dada," akasema, "hivyo vya Wamarekani ndivyo uvipendavyo? Kwa shangazi yangu kuna msahafu wenu, mkubwa hivi." Akatanua mikono. "Uliachwa na nahodha wa Kimarekani, enzi za babu yake, walipokuwa wakileta nguo za merikani."

Chai ilinimwagikia kwenye barua niliyokuwa nimemaliza kuipiga.

"Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona umefungwa kwa kitambaa. Haufunguliwi. Ni amana."

Nilimsumbua wiki nzima mpaka akaniombea ruhusa. Jumamosi baada ya kazi tulipita nyuma ya Ngome ya Yesu, tukaingia vichochoroni, mimi nikienda karibu kumpita, na yeye akiniambia, "Polepole, dada, nyumba haihami."

Shangazi yake alitupokea ukumbini juu, bibi mwembamba wa umri wa miaka sabini na zaidi, wanja machoni na leso mbili safi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Hawajambo kwenu?"

"Hawajambo, Bibi, twashukuru."

Aliniuliza habari za wazazi wangu, za mvua ya Taita, za safari ya njiani, na mimi nilijibu yote huku miguu ikinicheza chini ya kiti. Kahawa ikaletwa, na halua. Hatimaye akasema:

"Mpwa wangu aniambia wewe ni mtu wa Kitabu, na wavipenda vya kale. Hiki hatukiuzi. Nakwambia mapema usije ukavunjika moyo."

"Sikuja kununua, Bibi. Nataka kukiona tu." Nilisema uongo kidogo. Nilikitaka kabla sijakiona.

"Basi kanawe mikono."

Nilinawa mpaka viwiko. Kitabu kilitolewa juu ya kabati, mahali pa juu kuliko vitu vyote isipokuwa misahafu yao wenyewe, kimefungwa kwa merikani iliyogeuka rangi ya chai, na kati ya mikunjo mna karafuu za kufukuza wadudu. Bibi alikifungua kitambaa kwa bismillahi. Ilikuwa Biblia kubwa ya familia, jalada la ngozi nyeusi, kifungo cha shaba. Ukurasa wa kwanza ulionyesha mji mdogo wa bandari, upande wa mashariki wa Amerika, na mwaka wa zaidi ya karne moja nyuma. Nilikipakata, kikanielemea hata karani akasema, "Nikushikie?"

Bibi alinieleza alivyosikia kwa baba yake. Nahodha alishikwa na homa kali hapa Mombasa. Meli yake ikaenda Unguja, akaachwa nyuma akidhaniwa ni wa kufa. Babu yake Bibi, aliyekuwa akifanya nao biashara ya nguo, akamlaza katika nyumba hii hii. Alipopona aliiacha Biblia, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi.

"Na ndani mlisoma nini?" nikauliza.

"Sisi tukifungue cha mwenyewe? Hatukusoma kitu. Tulikitunza."

Nilijua, kwa maneno ya mpishi, kwamba Wamarekani wa zamani waliandika mambo ya jamaa zao katikati ya Biblia, baada ya Malaki na kabla ya Mathayo. Nikamwomba Bibi ruhusa ya kufungua hapo. Alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kurasa zilikuwepo! Ndoa, waliozaliwa, waliokufa, kwa wino uliopauka na mwandiko wa kulala ulioniumiza macho. Nikaanza kusoma waliokufa: mama wa nahodha, ndugu yake aliyezama baharini, mtoto mchanga. Kisha mstari wa mwisho ukanikwamisha. Mwandiko ulikuwa ule ule, lakini jina halikuwa la Kimarekani. Nikalisoma kimoyomoyo, nikalisoma tena. Halafu nikalitamka kwa sauti, kama lilivyoandikwa, limepotoka.

Kikombe cha Bibi kilisimama hewani.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Hilo jina langu," akasema Bibi.

Nikafasiri neno kwa neno. Nahodha aliandika kwamba huyu alikuwa binti wa nyumba hii, mwenye miaka sita, aliyemletea maji ya ndimu kila asubuhi. Kwamba alishikwa na homa ile ile, akafa siku ya Ijumaa, na tarehe ikatajwa. Chini yake aliongeza kwamba amemwandika miongoni mwa watu wake kwa sababu mauti hayo anaamini aliyaleta yeye.

Bibi alifuta macho kwa ncha ya leso, kisha, kwa mshangao wangu, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ni dada yake baba! Ndiye niliyeitwa kwa jina lake. Walikuwa wakisema tu, alikuwako mtoto akafa. Hakuna aliyejua siku wala mwaka. Kumbe yumo humu! Miaka yote yumo humu juu ya kabati!" Akamgeukia mpwa wake. "Wewe, usikae kama gogo, kaite majirani!"

Jioni ile niliusoma mstari ule mara sita, kwa kila aliyepanda ngazi.

Kabla sijaondoka Bibi alinishika mkono. "Wewe wakitaka kitabu hiki, sivyo?"

"Nakitaka sana, Bibi." Safari hii nilisema kweli.

"Najua. Lakini kina mwenyewe. Andika barua, uwatafute watu wake."

Niliandika, nikaielekeza kwa kanisa lolote la mji ule, na mpishi akaichukua mkononi mwake. Kila meli ya Kimarekani iliyotajwa ofisini ilinifanya niruke kitini. Miezi minane baadaye mpishi aliingia kanisani wimbo ukiwa katikati, bahasha ameiinua juu. Tulitoka wote wawili mchungaji akitutazama.

Barua ilitoka kwa mjukuu wa nahodha, mwalimu wa kike aliyestaafu. Jamaa zake walikuwa wakisimulia habari za Biblia iliyopotelea Afrika. Nahodha alikufa baharini katika safari iliyofuata. Mwalimu aliuliza, kwa unyenyekevu mwingi, kama aweza kuipata.

Bibi hakusita hata kidogo. Alitaka jambo moja tu, ukurasa ule upigwe picha. Tulimwita mpiga picha nyumbani, na Bibi akakaa kando ya kitabu kama bibi arusi, akakataa kutabasamu. Seremala wa mtaani akachonga kisanduku, na mimi mwenyewe nikakipeleka mpaka lango la bandari. Sitaficha, nilipokikabidhi kwa mpishi kifua kiliniuma. Lakini niliporudi ofisini nilikuwa nikiimba, na karani akaniomba ninyamaze.

Mwalimu yule aliandika kwa Bibi kila mwaka mpaka mwalimu mwenyewe alipofariki. Mimi ndiye niliyesoma na kujibu. Barua moja ilileta picha ya Biblia ikiwa mezani kwake, imefunguliwa, na kwenye ukurasa unaoelekeana na mstari ule wa nahodha ameongeza wake kwa wino mpya: jina la Bibi, limeandikwa sawasawa, upande wa waliozaliwa, pamoja na walio hai.